Shimo la Karakana

Karakana ya zamani ya reli, ambayo sasa ni ukumbi wetu wa harusi na mikutano, niliijua kwa harufu kabla sijaijua kwa macho. Baba alirudi nyumbani Ilomba kila jioni na ovaroli inayonuka grisi, mama akamfukuza jikoni, naye akaingia vilevile. Kazi yake ilikuwa kukagua mabehewa kutoka chini, amesimama ndani ya shimo refu katikati ya jengo. Mafundi walikatazwa kuliruka. Hata mwenye haraka alizunguka.

Karakana ilipofungwa, popo wakahamia. Miaka ikapita, mtaa ukaomba kuitumia. Sisi kina mama tukasugua mafuta sakafuni kwa majivu, tukajaza shimo mchanga, likamwagiwa zege. Nami nilibeba ndoo kwa bidii ya kijinga. Nilipomsimulia baba, aliuliza tu kama tumelifukia lote, kisha akaacha chai yake ipoe. Iliniuma. Tangu siku hiyo hakutaka kukanyaga kule.

Halafu sendofu ya binti yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ikapangwa humo humo, wakwe wanakuja na basi zima kutoka Kilolo. Kwetu binti haondoki bila baraka ya babu yake. Nilimbembeleza baba wiki nzima. Siku yenyewe nilitazama mlango mpaka shingo ikauma.

Alikuja keki imeshakatwa, amevaa koti la kanisani na buti za kazini. Alipofika katikati ya ukumbi akasimama. Binti yangu alikuwa upande wa pili, akaanza kumfuata moja kwa moja. Baba akainua mkono.

"Zunguka, mke wangu," alimwambia, kwa utani wao wa tangu utotoni. "Hapo pana shimo."

Vijana wakaanza kucheka. Wakaona wastaafu wawili wa reli kwenye meza ya nyuma wanaitikia kwa vichwa, wakanyamaza. Binti yangu akakusanya gauni lake, akazunguka sakafu tupu taratibu mpaka kwa babu yake, akapiga magoti. Nililia mbele ya wakwe bila aibu.

Sasa baba hayupo. Jumamosi zamu yangu ya usafi ikifika, ninakuwa peke yangu mle ndani na ufagio. Ninapita katikati, moja kwa moja, na hakuna wa kuniambia nizunguke.