Ng'ombe Zilizokufa Ndani ya Gari

Haya watu wangu, sogeeni. Wewe unayejua kusoma, msomee huyo jirani yako hapo kwa kibanda ya chai, na wewe jirani, wacha kumharakisha. Leo sina vichekesho mingi. Yule mtu wetu wa four-wheel, ile ya rangi ya majani yenye mlango wa nyuma umefungwa na kamba, amekufa. Amekufa kando ya barabara ya Kulamawe, chini ya hiyo hiyo gari. Propela, ile chuma ndefu ya kuzungusha magurudumu, ilikuwa imekatika akitoka kupeleka mgonjwa, akaingia chini kuifungua. Jeki akaisimamisha juu ya jiwe, jiwe iko juu ya mchanga, na mchanga wa huko mnaujua, hauna urafiki na mtu. Jiwe ikazama. Waliokuwa naye waliinua gari kwa mikono, lakini alikuwa amenyamaza. Pickup ya miraa iliyokuwa inarudi tupu ndiyo ilimleta town, amelazwa juu ya magunia. Mtu aliyebeba Isiolo nzima, akarudi kama mzigo umekosa mnunuzi.

Mimi nilimjua kwa sababu ya ngozi. Nilikuwa nanunua ngozi pale soko ya mifugo, na yeye alikuwa na ng'ombe mingi, wallahi, zikienda kunywa maji Ewaso Nyiro, mto unasimama kidogo, zikishiba ndiyo unaendelea. Halafu serikali ikakataza kuwinda, na mzungu mmoja wa kuwindisha watalii akaamua kuuza gari arudi kwao. Mtu wetu akatoa madume yake yote makubwa, akapewa ufunguo. Siku aliingia nayo town, tulimpigia makofi, hata mbuzi zilisimama kuangalia. Hakuna mtu alimwambia gari nayo ni mnyama, inakula kila siku, na ukiinyima inalala. Hiyo ilikuwa inakunywa petroli hata ikiwa imezimwa. Redieta ilichemka kabla hujafika daraja, tukawa tunaitilia majani ya chai kama sufuria. Na barabara yetu ya kwenda Garba Tula, ile iko na mikunjo kama bati, ilikata springi, ikakata hafshaft, ikamaliza bushi zote, ikarudi kwa springi tena. Spea ilikuwa inatoka Nairobi. Fundi anaingiza kichwa chini ya boneti, anatoka akipangusa mikono, anasema maneno mawili tu: "Leta ingine." Na "leta ingine" maana yake ni ng'ombe moja iende soko.

Kwa hivyo akaanza kuita spea kwa majina ya ng'ombe zilizouzwa. Giaboksi ilikuwa Magala. Redieta ilikuwa Gurati, ile nyeusi ya mama yake. Ukipanda naye na gia igome, anapiga dashibodi pole pole, anakwambia, "Huyu Magala alikuwa hivi hivi hata akikamuliwa." Sisi tunacheka mpaka tunashika mbavu. Tunacheka, lakini tumepanda bure. Mama mjamzito wa Korbesa, bwana harusi na ngoma zake, maiti ya kurudishwa nyumbani, wote ni yeye. Ukishuka unamwambia, "Mungu akubariki." Yeye anaitikia amina. Pale kwa petroli lakini hawakuwa wanaweka baraka kwa tanki.

Ikafika siku boma ikabaki na harufu tu. Watoto wakawa wanakunywa strungi, chai bila maziwa, asubuhi, strungi jioni, yule mdogo akawa macho na tumbo peke yake. Mama watoto akamwambia, na mimi nikiwa hapo mlangoni, "Uza hiyo chuma, ununue hata mbuzi moja ya maziwa."

"Nani atainunua? Na nikiuza, wagonjwa wa Korbesa watakuja na nini?"

"Watakuja wakute hao watoto wako wakiwa kwa sanduku ya maiti."

Alienda kwa wazee. Sisi Waborana tuko na busa gonofa: mtu akimaliziwa mifugo na ukame au ugonjwa au maadui, ukoo unamchangia ng'ombe aanze upya. Lakini lazima ueleze zilikufaje, na wengine huja na ngozi kama ushahidi. Wazee walikaa nyuma ya soko ya mifugo, nami nimesimama hapo na ngozi zangu. Jamaa akaja na gunia begani, kling klang, kling klang. Akaimwaga chini. Akapanga moja moja: springi imevunjika, gasket imeungua, meno ya giaboksi kama ya ajuza.

"Wazee wangu," akasema, "mwenye ng'ombe zake zilikufa na kiu analeta ngozi. Yangu ni hii. Hapa alikufa Magala. Hapa Gurati. Hii ya ndama wawili."

Mwenyekiti, mzee wa kifua kibaya ambaye alikuwa akikohoa hata ndege wanahama, aliinua springi na fimbo kama mtu ameona nyoka. "Kijana, hii ni ugonjwa gani?"

"Ni barabara, mzee."

"Barabara si ugonjwa. Uliwapeleka garage mwenyewe, kwa mkono yako, ukiwa na akili zako. Hii si kazi ya Mungu. Hakuna ng'ombe."

Watu walicheka, jamani. Nilicheka pia, ilikuwa ya kuchekesha. Yeye aliokota vyuma vyake, moja moja, akavirudisha kwa gunia bila haraka, akipangusa mchanga. Hiyo kupangusa ndiyo siwezi kusahau. Kabla ya wiki kuisha, huyo huyo mwenyekiti alishikwa na kifua, akatuma mtu aje na gari. Nilifikiria leo mzee atasikia utamu wa kukataliwa. Wapi. Mtu wetu alimwaga maji kwa redieta, akasema, "Mpandishe mbele, nyuma inaruka sana." Na tangu hapo, kila Jumatatu, alimpeleka kliniki na kumrudisha.

Nimekaa nikifikiria hii maneno. Tunasema gari ilikula ng'ombe za huyo mtu. Gari haina tumbo. Ni sisi tulikula, kidogo kidogo, kila mtu alipanda akang'ata kipande akashuka. Tulifanya gari ya mtu mmoja kuwa yetu siku ya safari, na ikawa yake siku ya spea. Kama kila aliyebebwa angeleta hata mtungi ya maziwa, yule mtoto wake mdogo angekuwa anakimbia leo. Hakimbii. Walimzika mwezi mmoja kabla ya baba.

Sasa jana tulikuwa kwa matanga. Wazee walikuwa wamekaa kwa mkeka, mama watoto upande ule mwingine na wanawake, amejifunika mpaka macho. Mwenyekiti akasimama na fimbo yake. Akasema kifo cha bwana ni kazi ya Mungu, hii hakuna mtu wa kubisha, kwa hivyo ukoo umekubali: huyu mama apewe ng'ombe moja ya maziwa, na ndama wake. Watu wakasema amina. Mama hata shukrani hakutoa, na hakuna aliyemlaumu.

Mwenyekiti akakaa. Akakohoa, akakohoa tena, akaangalia nje pale gari ilikuwa inasimama siku zote. Halafu neno likamtoka kabla ajue, kila mtu akisikia:

"Na Jumatatu kliniki nitaenda na nini, nitapanda hiyo ng'ombe?"