Kadi Iliyofukizwa Udi

Hadi mwisho wa maisha yake Bi Ghania, mama yangu mdogo, hakutoka nyumbani kwake Ole bila kufukiza nguo. Hata akienda kuchuma mchicha nyuma ya nyumba, kwanza buibui lilitandazwa juu ya tenga, chetezo chini yake, moshi wa udi ukipanda polepole. Tulimtania kwamba kuku wake walimtambua kwa harufu.

Alipopewa kitambulisho kipya, kile chenye kidude cha rangi ya dhahabu, harufu yake ilimkera. Kisiwani kwetu, tangu vyama viwe vingi, kitambulisho hutunzwa kuliko hereni. Asiye nacho hapigi kura. Karani alimwonya asikikunje, asikitoboe, asikiloweshe. Habari ya udi hakuigusa.

"Sura yangu imo humu," aliniambia, "na itapita mikononi mwa wanaume nisiowajua. Inuke plastiki?"

Akakilaza juu ya tenga pamoja na buibui, akaenda kusali. Aliporudi kilikuwa kimejikunja kama ganda la muhogo lililokaa juani siku tatu.

Zilibaki siku tisa kabla ya harusi ya mjukuu wake Shatha, Unguja. Bi Ghania ndiye aliyewafukiza mabibi harusi wote wa ukoo wetu, na bila kitambulisho hakuna tiketi ya boti. Nikampeleka ofisini. Karani Fahmi alijaribu kukinyoosha kwa rula, akakichomeka kwa shida.

"Bi Ghania, mashine haikutambui."

"Na wewe?"

"Mimi nakujua tangu utotoni. Wewe ndiye uliyemfukiza mke wangu."

"Basi iambie."

Fahmi akacheka, akafuta jasho. Kadi nyingine ingechukua wiki sita, na fomu ilitaka taarifa ya polisi kwamba ya kwanza imepotea.

"Imepotea vipi nami nimeishika?" Bi Ghania hakuwahi kusema uongo, hata kwa fomu.

Akitaka kumfariji, Fahmi akamweleza kwamba miaka ijayo kadi hiyo moja itabeba kila kitu: hospitali, boti, pensheni.

"Na ikiungua hiyo moja?"

Fahmi akaitazama rula yake.

Sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, alituandikia barua yenye muhuri. Mkata tiketi aliisoma yote, akausifu mwandiko, akasema hana pa kuichomeka.

Nikasafiri peke yangu, na kopo lake la udi na maelekezo: makaa yasiwe na moto mkali, nywele kwanza, nguo mwisho. Nilimfukiza Shatha simu ikiwa wazi dirishani, bibi yake akiniuliza kila mara moshi una rangi gani. Nilimdanganya mara moja tu. Wageni wote walisema bibi harusi ananukia. Mimi nilijua harufu iliyokosekana.

Kadi mpya, ambayo Fahmi aliiombea kwa kuandika "imeungua", ilifika wiki ya tisa. Wakati huo Bi Ghania alikuwa hatoki kitandani. Aliigeuzageuza, akaisogeza puani, akakunja uso. Nikamuuliza kwa utani kama nikawashe chetezo. Akaisukuma haraka chini ya mto.

"Iache inuke hivyo hivyo, mwanangu. Nasikia Nihal, mdogo wake Shatha, naye anaolewa huko Unguja baada ya Idi."