Wakili Alimwombea Mume Wangu Huku Pesa Zetu Ziko Kwake

Admin, nifichie jina, maana hapa Durban sisi Warundi tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nina watoto watatu, nasuka nywele mjini. Mume wangu alikuwa anapakua mizigo kwenye ghala moja huko Clairwood. Lori lilirudi nyuma likambana ukutani, akakatwa mguu juu ya goti.

Akiwa bado hospitalini, watu wa kanisani wakatuletea wakili. Ni mzee wa kanisa letu, anaongea Kiswahili chetu, wote tunamwita Maître. Alisema kampuni ya lori ina bima, itatulipa, na yeye atakata sehemu yake mwishoni. Tukasaini, tukangoja. Kila nikimpigia simu ananiambia watu wa bima ni wagumu, tuzidi kuomba.

Na kweli aliomba. Siku moja alikuja kwetu, akala samaki niliyemkopa kwa ajili yake, kisha akapiga magoti, akaweka kiganja chake kwenye kigutu cha mguu wa mume wangu na kumlilia Bwana ailainishe mioyo ya watu wa bima. Mume wangu alilia kama mtoto.

Mwezi uliopita nilichoka. Nikapanda taxi hadi ofisi ya ile kampuni ya lori, kule mtaa wa Jacobs, nikawaombe mwenyewe. Dada wa pale akawapigia watu wa bima mbele yangu. Wakasema walishamlipa wakili wetu six hundred thousand rand, muda mrefu kabla ya yale maombi. Nilidhani Kiingereza changu kibovu, nikamwomba arudie. Akarudia polepole. Nilitoka, nikafika kwenye robot, zile taa za barabarani, nikatapika mbele za watu.

Nilipomfuata Maître hakukana hata kidogo. Alikuwa anakula karanga.

"Pesa iko, mama. Niliiweka kwanza izae."

Nikamwambia anionyeshe basi. Akaanza hadithi za gharama, kisha akasema atatupa eighty thousand, mradi tusaini kwamba tumelipwa zote. Halafu akanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba karatasi zetu za ukimbizi anazishughulikia yeye.

Pasta naye akaja kutuambia tusiliaibishe kanisa. Viti vipya na spika ni zawadi ya Maître. Tangu hapo, nikikaa kwenye viti vile naona kama nimekalia mguu wa mume wangu. Nasikia kinyaa.

Mteja wangu mmoja, Mkenya anayesoma sheria, amenionya tusisaini chochote. Anasema tumdai kwa maandishi hesabu ya kila senti, tukamshtaki kwa wanaosimamia mawakili na kwa polisi, na karatasi zetu tuzipeleke kwa mtu mwingine. Lakini inaweza kuchukua muda.

Mume wangu hataki kusikia. Jana aliniambia, "Nimechoka kukaa. Hicho kidogo kitaninunulia mguu wa bandia, nirudi kazini."

Ijumaa Maître anatungoja ofisini tukasaini. Nikimzuia mume wangu, nitakuwa nimemnyima mguu mimi mwenyewe. Nikinyamaza, yule mtu kesho atapiga magoti kwenye nyumba ya mgonjwa mwingine. Ninyi mliowahi kupitia haya, nisaidieni mawazo kabla ya Ijumaa: nimnyang'anye mume wangu kalamu, au nimwachie asaini?