Nilivyomwombea Mama Pasi kwa Kiesperanto

Jamani, sikieni yaliyonipata leo. Mama anaumwa tumbo, na siku hizi za Hali ya Hatari, wakoloni wakiwasaka waasi waliokula kiapo, hutoki kijijini kwenda hospitali ya Meru bila pasi. Mimi nilikuwa nimejifunza Kiesperanto, lugha iliyotungwa ili dunia ielewane, nikidhani kila Mzungu anakijua. Kiswahili nilikiita cha sokoni. Basi nikamwomba Bwana Ofisa, Mzungu anayetoa pasi, kwa Kiesperanto. Akakodoa macho. Askari wake akaninyooshea bunduki, akafoka:

“Hicho ni kiapo! Lugha ya nani hiyo?”

“Ya dunia nzima, afande!”

“Na hapa nani mwingine anaijua?”

Nikageukia foleni ya waombaji pasi; wote wakarudi nyuma hatua moja.

Mama akajikokota mbele, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, “Bwana, samehe. Huyu mtoto ni mgonjwa wa kichwa, ndiye napeleka hospitali. Tupe pasi ya watu wawili.”

Tukapewa palepale.