Simu imemvua binti yangu leso ya mamake

Leo nimevishwa suti na simu, na imenikaa kuliko mabwana harusi wote wa Diani.

Mimi nimepigwa picha na watalii wa kila nchi hapa ufukweni, lakini ya leo asubuhi ndiyo niliyoitaka. Mimi na binti yangu chuoni kwao. Mimi kikoi, yeye amejifunga leso aliyoachiwa na marehemu mamake.

Jioni naiona mtandaoni, ameiweka binti yangu. Mimi suti, yeye gauni la kumetameta.

Nikampigia. "Mwanangu, leso ya mama iko wapi?"

"Baba, siku hizi sote tunavishwa na programu ya simu. Kwa leso, wenzangu wangenicheka."

"Basi nitumie ile ya kwanza."

"Nimeshaifuta, baba."

Nikaiwekea ile ya mtandaoni alama ya kopa, nikaandika Mashaallah.

Sasa watu wananisifia suti. Nyinyi mngewajibu nini?