Video iliyokwenda kwa Mama Masika mwingine

Nimekosea namba, na leo nina furaha mpaka nashindwa kukaa.

Mimi nafundisha watoto viziwi hapa Bwera. Juzi nilirekodi video ya ishara za mikono: njoo, njaa, maji. Nikamtumia Mama Masika kwa WhatsApp, aongee nyumbani na binti yake, mwanafunzi wangu.

Sasa, sisi Wakonzo mnatujua. Binti wa kwanza ni Masika, nyumba hii na ile. Simu yangu imejaa akina Mama Masika.

Leo sokoni namuuliza mama huyo kuhusu video, ananiuliza video gani. Hakupata kitu.

Aibu gani hiyo.

Kabla sijaomba radhi, binti yake amemchomoka mkononi. Muuza nyanya anamwita kwa ishara. Anamuuliza kama ana njaa.

Masika anajibu kwa mikono: maji.

Akapewa maji. Mtoto ambaye pale sokoni alikuwa anaelewana na mama yake tu.

"Mwalimu, ulinitumia mimi," muuza nyanya ananiambia. "Masika yangu iko anasikia muzuri. Lakini nilisema mwalimu hawezi kutuma kitu bure, nikajifunza yote."

Haya, semeni. Nani mwingine nimtumie kimakosa?