Wanga wa Usiku

Harufu ya mkate mweupe unaotoka tanurini ndiyo inayonirudisha mtaa wa Ngarenaro, Arusha, na mimi sipendi kurudishwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yalipofunguka baada ya ukata mrefu, na vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni tangu alfajiri vikaanza kutuvizia barabarani: mikate, mchele wa magunia, tambi, biskuti, soda za kila rangi. Jirani yetu aliyekuwa akichomelea mageti aliacha vyuma akajenga tanuri, na kila asubuhi mtaa mzima ukawa unaamka na njaa, hata waliolala wameshiba. Watu walinenepa na wakajivunia kunenepa, maana kitambi ndicho kilichoonyesha kwamba mageuzi yamekufikia na wewe. Dada yangu Upendo peke yake ndiye aliyekonda. Ninayoyasimulia ni ya msimu ule alipokonda, na ya jinsi neno moja la Kiswahili lilivyomvua bibi yetu jina lake jema asilivae tena. Kila nikisimulia hupandwa na hasira. Anayetaka hadithi ya kubembeleza usingizi akatafute kwingine.

Mama yetu alifariki kabla sijaanza shule, na mama yake mzazi akashuka kutoka Oldonyo Sambu, kule upande wa kaskazini wa Mlima Meru, kuja kutulea. Tulimwita Koko, kama watu wa kwao wanavyowaita bibi zao. Alinukia moshi na maziwa, masikio yake yalikuwa na matundu makubwa niliyopenda kupitisha kidole, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi, basi. Alitulisha maziwa mgando ya kwenye kibuyu na mboga ya mnafu, mchungu uliotufanya tukunje nyuso, na siku za furaha alitupikia loshoro, mahindi yaliyopondwa na kuchanganywa na maziwa. Baba alikuwa Mchaga wa Machame, muuza vipuri vya magari, mtu mpole. Upole wake nitaurudia, maana umetugharimu. Kisha akaja Shangazi Anaeli, dada yake mkubwa, kwa biashara ya mitumba. Alisema amekuja kwa wiki chache. Akakaa, akashika funguo za kabati, na kuanzia hapo hata paka alijua nani mwenye nyumba.

Upendo alikuwa darasa la sita alipoanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni kiangazi. Alikunywa ndoo, akaikojoa ndoo hiyohiyo, akaomba nyingine. Sisimizi walijipanga hadi mlangoni mwa choo, na choo chenyewe kilikuwa nje, nyuma ya ua, karibu na migomba. Mtoto angeendaje huko gizani peke yake? Koko alimshika mkono akampeleka, usiku baada ya usiku, kila alipoamka, akiwa amejifunga shuka lake jekundu na kibatari mkononi. Akimaliza kumlaza, alisimama kidogo uani akimwomba Mungu kwa lugha yake, kwa sauti ya chini asituamshe. Majirani ambao dirisha lao lilitazama ua wetu walimwona. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini hakuna anayemwambia aelewe.

Shangazi ndiye aliyempeleka hospitali. Walirudi siku kadhaa baadaye, Upendo akiwa na alama za sindano, na Shangazi akiwa na uso wa mtu aliyepata jibu la mtihani kabla ya wenzake. Ugonjwa ni sukari, alisema, na atachomwa sindano asubuhi na jioni pale zahanati maisha yake yote. Lakini hilo kwake lilikuwa dogo. Kubwa ni maneno ya nesi wakati wa kuagana, ambayo Shangazi aliyarudia kwa baba, kwa majirani, kwa wenzake wa kwaya, na kila mara aliyarudia sawasawa: "Adui wa mtoto huyu ni wanga, mama. Hasa wanga wa usiku."

Wewe unayesoma umeshacheka au umeshashika kichwa. Leo kila mtu anajua kwamba wanga ni ugali, ni wali, ni ndizi, ni kile chakula kinachogeuka sukari kikifika tumboni. Lakini Shangazi aliacha shule mapema, na neno hilo alilijua kwa maana moja tu, ile ya mtaani: watu wanaotoka usiku kuroga wenzao, na mmoja wao huitwa mwanga. Kiswahili nacho kilimkomoa. Laiti nesi angesema wanga huu, au wanga unaoliwa! Alisema wanga wa usiku, na hiyo "wa" inabeba chakula na inabeba wachawi bila kubagua. Shangazi alifurahi, ndiyo, alifurahi, nilimwona. Hata hospitali wamekiri, alisema, watu wa sayansi, watu wa darubini. Na nani humu ndani hutembea usiku?

Jumapili baada ya ibada aliita wakubwa wa mtaa wakakaa sebuleni, akamweka Koko kwenye kigoda katikati. Alianza na methali, maana ukatili wa kwetu hupenda kuvaa nguo nzuri. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, akiwa amemkazia Koko macho. Majirani wa dirisha lile wakatoa ushahidi wa shuka jekundu, kibatari na manuizo ya lugha isiyojulikana. Upendo, ambaye kusimama tu kulimchosha, alisimama.

"Ananipeleka chooni," alisema. "Kila siku ananipeleka chooni."

"Ndivyo wanavyofanya," Shangazi alimjibu. "Huanza kwa kumshika mtoto mkono."

Koko alikuwa akitabasamu, kwa sababu hakuelewa, na mgeni akikutazama unatabasamu. Alimuuliza Upendo kwa Kimaa, lugha ya kwao, wanasemaje. Upendo alimwambia wanasema amechoka, arudi nyumbani apumzike. Koko akakataa kwa adabu, akasema hawezi kumwacha mtoto mgonjwa, mwambie baba yako nashukuru lakini sijachoka. Baba aliangalia viatu vyake. Kesho yake Shangazi alitupa kibuyu na mashuka ya Koko nje ya geti, na hapo bibi yangu akaelewa bila kutafsiriwa. Alilia kwa sauti barabarani, mzee wa umri ule, mbele ya watoto wa mtaa waliomzunguka wakiimba mwanga, mwanga. Nilimchukia baba siku ile, na sijamaliza.

Mwanga alipoondoka, Shangazi akaanza kumkomboa mgonjwa. Sukari aliifungia kabatini. Chai ya Upendo ilikuwa chungu kama mwarobaini, na kwa hilo Shangazi alijiona daktari. Lakini mtoto aliyeshiba haliwi na wachawi, alisema, kwa hiyo pembeni ya chai hiyo chungu kuliwekwa nusu ya mkate mweupe. Mchana mtori mzito wa ndizi, jioni kilima cha wali, na kabla ya kulala viazi vya kuchemsha, ili usiku umkute ana nguvu. Upendo akisema ameshiba, aliambiwa mgonjwa haulizwi uji, na kijiko kikaingizwa mdomoni. Nisimfanye Koko mtaalamu, loshoro lake nalo lilikuwa wanga mtupu. Ila Koko hakuwahi kumshindilia mtu chakula. Kwake ukisema basi, ni basi.

Upendo alizidi kuisha. Zahanati walimchoma sindano zao, nyumbani tukazishinda kwa sahani. Alianza kutapika, kisha akawa anahema kwa kina kama aliyekimbia mlima, na pumzi yake ikanukia ndizi zilizoiva hadi kuoza. Shangazi akaniambia ninuse, huo ndio uthibitisho, yule bibi anamfuata hata akiwa mbali. Upendo alipoacha kuitikia jina lake, ndipo baba akaita gari. Mimi nilibebeshwa kanga za Upendo, kwa hiyo nilikuwepo wodini. Upendo alikuwa amefumba macho na dripu mkononi, na nesi yuleyule akamgeukia Shangazi akiwa amekasirika.

"Mama, si nilikwambia wanga?"

"Mwanga tulishamfukuza, sista," alisema Shangazi. "Amerudi kwao Oldonyo Sambu."

Nesi alivuta kiti. Kisha akaketi, akamtajia polepole, kama anavyofundishwa mtoto: ugali, wali, ndizi, mkate, tambi, viazi. Vyakula hivyo ndivyo wanga. Si kwamba asile, alisema, ale kwa kipimo, kiasi cha ngumi yake, na mboga nyingi, na asipitishe saa ya kula. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akashukuru. Njiani baba, kwa mara ya kwanza, alipata sauti. Alisema basi tukamrudishe mama, akimaanisha Koko. Shangazi hakusita hata kidogo. "Ndizi ni wanga, nimesikia," alisema. "Na yule bibi ni mwanga. Hayo ni mambo mawili." Baba hakuliomba tena maishani.

Upendo alipona kwa kiasi chake. Koko hakupona. Habari ilifika Oldonyo Sambu kabla yake, maana lisemwalo lipo, kama halipo laja, na wasemaji wake hawachoki. Wenyeji waliacha kupokea maziwa yake, wakawakataza watoto kupita boma lake. Baba alimpelekea blanketi, kwa mkono wa mtu mwingine. Alikufa peke yake msimu wa baridi, akakutwa na wachungaji waliofuata ng'ombe aliyepotea. Waliomzika walinawa mikono mara mbili.

Sasa Arusha nzima inaongea wanga. Kwenye harusi kina mama wanakataa wali wakijisifu, na madukani kuna unga wa kila nafaka kwa ajili ya wenye sukari. Upendo anaishi Moshono, jicho moja limekwenda, lililobaki analilinda. Anapima ugali wake kwa ngumi na hadanganyi. Shangazi Anaeli tulimzika kwa heshima zote, na kwaya iliimba. Mwaka jana wakaja kumposa binti wa Upendo, watu wasomi, wenye magari. Mshenga, mwalimu mstaafu, alisema kwamba ugonjwa wa mama wa binti hauwapi shida, siku hizi sukari iko kila ukoo na dawa zipo. Kuna jambo moja tu wametumwa kuuliza, tusilichukulie vibaya: wamesikia ukoo huu una wanga.

"Wanga gani, mzee?" Upendo alimuuliza. "Wa kuliwa au wa kufukuzwa?"

Mzee hakuelewa, akatabasamu. Tukawapakulia. Walikula wali wote, wakaongeza ndizi, wakashukuru kwa ukarimu, na hawajarudi.